Mzee wa Santa Maria Nuova

Likitajwa jina la Leonardo da Vinci, wengi wetu humkumbuka yule mwanamke wa tabasamu. Lakini picha za rangi alizotuachia fundi huyu hazizidi ishirini hivi, na baadhi hakuzimaliza. Waliomlipa walilalamika. Kurasa za madaftari yake zilizobaki ni kiasi cha 7,000, nami nasema anayetaka kumjua aanzie huko.

Humo kila kitu kimechanganyika: maji yanavyozunguka, mabawa ya ndege, silaha, matumizi ya nyumbani. Mwandiko unatoka kulia kwenda kushoto. Wapo wanaodai alikuwa akificha siri. Mimi naona alitumia tu mkono wa kushoto, akaogopa kuchafua wino. Pahala fulani anajikumbusha kueleza ulimi wa kigogota. Kwa mchora watakatifu, ulimi huo una faida gani? Hauna. Alitaka kujua tu.

Ukurasa unaonikaa moyoni ni wa majira ya baridi ya 1507 kuingia 1508. Katika hospitali ya Santa Maria Nuova, mjini Florence, Leonardo alizungumza na mzee aliyesema amepita miaka 100 na haumwi kitu ila udhaifu. Saa chache baadaye mzee, akiwa ameketi kitandani, akakata roho kimya kimya. Leonardo akaipasua maiti ajue chanzo cha kifo cha utulivu namna ile. Akakuta mshipa wa kulisha moyo umekauka na kusinyaa. Kisha akapasua mtoto wa miaka miwili, akakuta kinyume chake.

Nakiri jambo hili hunisumbua. Umeongea na mtu asubuhi, jioni umeshika kisu? Hata hivyo, katika maelezo yake sioni dharau. Naona mtu anayeamini kwamba usichokielewa huwezi kukichora, na kwamba kuelewa kuna thamani kuliko picha iliyokamilika na kulipiwa.

Hasara ni kwamba hakuchapisha. Alipofariki Ufaransa mwaka 1519, karatasi alimwachia mwanafunzi wake, Francesco Melzi, baadaye zikatawanyika. Mwaka 1543 Vesalius akatoa kitabu chake kikubwa cha mwili wa binadamu, waganga wakajifunza kwake. Michoro ya Leonardo ilikuwa bado sandukuni. Leo iko Windsor, Uingereza, na katika karatasi moja mishipa ya mzee, iliyopindapinda, imechorwa pamoja na ya kijana, iliyonyooka.