Chumba cha mita 5: lenzi ya 50 ilivyoanza kuona kidogo

Wadau, leo naweka programu kando tuongee kamera. Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi hapa Karatina, na majibu yanayozunguka mjini yana kasoro. Kwa nini lenzi ya milimita 50, ikitolewa kwenye kamera ya filamu na kufungwa kwenye kamera ya dijitali, inaonyesha eneo dogo kuliko zamani? Utaambiwa "inageuka kuwa 75". Haigeuki. Lenzi haijui hata imefungwa kwenye nini.

Kazi ya lenzi ni kurusha duara la picha ndani ya kamera. Filamu, au sensa (si ile ya kuhesabu watu!), hukata mstatili ndani ya duara hilo. Mstatili ukiwa mdogo, unapata kipande kidogo. Ni sawa na kuutazama Mlima ukiwa umekaa kitandani: dirisha likipunguzwa, mlima haukusogea, ila mabega yake hayaonekani tena.

Sasa, huo mstatili ulitoka wapi? Ulitoka sinema. Filamu ya sinema ilikuwa na upana wa milimita 35, na kila picha yake ilikuwa kama 18 kwa 24. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, aliilaza filamu hiyo ubavu na kuunganisha picha mbili ziwe moja: 24 kwa 36. Kamera yake, Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925 ikiwa na lenzi ya milimita 50. Tangu hapo 50 ikawa ndiyo lenzi ya kawaida, na dunia nzima ikaizoea.

Studio nazo zilikuwa na kamera za filamu pana, kwa mfano Yashica-Mat, yenye picha ya mraba wa milimita 56 hivi na lenzi ya 80. Namba ni tofauti kabisa, lakini angalia hesabu hii:

umbali = upana_wa_watu * lenzi / upana_wa_filamu

Chukua familia iliyosimama mstari wa mita 3.6, shosho ameketi katikati. Kwa Yashica: 3.6 × 80 ÷ 56, mpiga picha asimame mita 5.1. Kwa kamera ya milimita 35: 3.6 × 50 ÷ 36, mita 5 kamili. Karibu sawa! Ndiyo maana mwenye studio aliweza kubadilisha kamera bila kubadilisha chumba.

Halafu ukaja mwaka 1999. Nikon walitoa D1, kamera ya dijitali iliyokubali lenzi nyingi za zamani, kwa sababu mdomo wa kufungia lenzi ulikuwa uleule wa tangu 1959. Ila sensa yake ilikuwa 23.7 kwa 15.6. Rudia hesabu: 3.6 × 50 ÷ 23.7. Mita 7.6!

Mzee mmoja mwenye studio karibu na soko alinisimulia siku kamera za namna hii zilipomfikia, za mitumba, miaka kadhaa baadaye. Chumba chake, alichokuwa akilipia kodi kwa miaka mingi, kilitosha mita tano na kiti cha kupumzikia. Familia ya kwanza ilipokuja, ilibidi afungue mlango na kupigia picha kwenye korido, huku wateja wa kinyozi wa jirani wakipita mbele ya lenzi. Kwa wiki kadhaa alikataa picha za familia, na hizo ndizo zilizokuwa zikimlipa vizuri. Tiba ilikuwa lenzi ya 35 (piga hesabu mwenyewe, utapata mita 5.3), lakini hiyo ni pesa nyingine juu ya kamera. Kwa picha za pasipoti, lakini, alifurahi sana. Lenzi yake ya 50 sasa ilijaza uso vizuri bila yeye kumsogelea mteja mpaka pua ionekane kubwa.

Mbona basi wasitengeneze sensa kubwa tangu mwanzo? Silikoni. Sensa hukatwa kutoka kisahani kimoja cha silikoni, na doa dogo linaweza kuharibu sensa nzima. Sensa ya 24 kwa 36 ina eneo mara 2.3 ya ile ya D1, kwa hiyo zinatoka chache kwa kila kisahani, na nyingi zaidi zinakutana na madoa. Canon walitoa EOS-1Ds yenye ukubwa kamili mwaka 2002 kwa karibu dola 8,000. Mwaka 2005 walitoa 5D kwa karibu dola 3,300. Kwa studio ya Karatina, zote mbili zilikuwa ndoto.

Wapiga picha za milima hawakulalamika. Kutoka hapa hadi Batian, mita 5,199, ni kama kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Kwa lenzi ya 50, filamu ya Barnack hubeba kilomita 29 za upana kule mlimani. Sensa ndogo hubeba 19. Ukichapisha zote kwa ukubwa mmoja, Kirinyaga ya dijitali inaonekana imesogea karibu. Ni kipande kilekile kilichokuzwa, hakuna uchawi.

Wenye simu nao wamo. Lenzi kuu ya simu nyingi ina milimita chini ya 10 kihalisi, lakini simu inakwambia "24" au "26". Hizo ni milimita za kulinganishia, zinazopimwa kwa mstatili wa Barnack. Ukitaka kuhakikisha, fungua taarifa za Exif zilizofichwa ndani ya picha yako. Tangu toleo la 2.2 la mwaka 2002 kuna tagi namba 41989, FocalLengthIn35mmFilm. Simu nyingi huijaza. Milimita halisi ziko kwenye tagi 37386. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utajua sensa yako ni ndogo mara ngapi.