Presha ya Shosho na Tyubu ya Baiskeli

Shosho yangu ana mkono mnene, na kwa sababu hiyo tu nusura aanze kumeza dawa mara mbili. Mashine ya presha niliyomnunulia tao ilisoma 158/96 asubuhi tatu mfululizo. Akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, si niongeze kamoja?" Nikamwambia, ngoja kwanza shosho. Tukabeba mashine hadi kliniki. Nesi akampumzisha dakika kumi, akampima na yetu: 157. Akatoa yake yenye mkanda mpana: 141/86. Mkono ni ule ule!

Kampasi niliacha, kusoma sikuacha, so usiku huo nilichimba. Na wasee, hili kosa ni la zamani sana.

Kwanza, presha ilikuwa inapimwa kwa kukata mshipa. Kasisi mmoja Mwingereza, Stephen Hales, aliandika 1733 vile aliunganisha mrija wa kioo na mshipa wa farasi, damu ikapanda zaidi ya futi 8. Farasi hakutoka hapo hai. Sasa jaribu kumwambia shosho hivyo.

Mwaka wa 1896, kule Turin, Italia, daktari Scipione Riva-Rocci akapata njia ya bila kisu. Alichukua tyubu ya baiskeli, akaizungusha mkononi, akaijaza hewa huku zebaki ikipanda kwenye kioo. Mapigo ya kifundo yakipotea, unaachilia hewa polepole; yakirudi tu, unasoma. Mimi hii ndiyo naipenda zaidi, juu ni vitu vya fundi wa mtaani. Shida ni kwamba mkanda wake ulikuwa mwembamba, kama sentimita 5 hivi. Mkanda mwembamba lazima ubane zaidi ndio mshipa ufunge, kwa hivyo namba inapanda bure. Mjerumani, Heinrich von Recklinghausen, alionyesha hilo 1901, akaupanua.

Riva-Rocci alikuwa anapata namba ya juu pekee. Ile ya chini tunaidai kwa Nikolai Korotkov, daktari wa upasuaji wa Urusi. 1905 aliweka stethoskopu chini ya mkanda: sauti ikianza ni namba ya juu, ikinyamaza ni ya chini. Ripoti yake ilikuwa fupi kuliko hii posti.

Mashine za betri kama ya shosho hazisikilizi sauti hata. Zinahisi vile hewa ya mkanda inatetemeka damu ikipita, halafu zinapiga hesabu. Yaani kila kitu zinachojua kinatoka kwa huo mkanda.

Niliazima tepu ya fundi wa nguo, nikapima mkono wa shosho: sentimita 36. Mkanda wetu umeandikwa, kwa herufi ndogo kama za chungu, 22 hadi 32. Mimi ndiye nilinunua bila kusoma. Nimerudi dukani kutafuta mkubwa, wakaniambia hawauzi mkanda peke yake. Bado natafuta. Shosho anaendelea na kamoja kake.