Yakuti ya Mfalme Si Yakuti

Katika taji ambalo mfalme wa Uingereza huvaa anapofungua Bunge kuna jiwe kubwa jekundu, mbele kabisa, juu ya almasi ya Cullinan II. Lina karati 170 hivi, yaani gramu 34, na linaitwa Yakuti ya Black Prince. Si yakuti, ni spineli. Yakuti halisi ipo pia, ila ni kipunje tu: zamani jiwe lile lilitobolewa ili livaliwe mkufuni, na baadaye tundu likazibwa kwa yakuti ndogo. Kwa hiyo jiwe linaloitwa la uongo limetiwa kiraka cha jiwe la kweli.

Habari hii husimuliwa kama kichekesho cha wafalme waliouziwa mbuzi kwenye gunia. Mapokeo yanasema Pedro wa Castile alimuua Abu Said wa Granada mwaka 1362 na kulichukua jiwe, kisha mwaka 1367, baada ya vita vya Nájera, akampa Edward wa Woodstock, mwana wa mfalme wa Uingereza, kwa msaada aliompa. Karne nne zikapita. Mwaka 1783 Mfaransa Romé de l'Isle, aliyekuwa akipima pembe za fuwele, akatenganisha spineli na yakuti. Hadithi inaishia hapo: sayansi imefika, wafalme wameumbuka.

Mimi hadithi hii siikubali, kwa sababu inaanza Granada wakati jiwe halikutoka Granada.

Spineli kubwa za zama zile zilitoka Badakhshan, milimani, katika eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Tajikistan na Afghanistan. Huko hazikuitwa yakuti. Waajemi walikuwa na neno lao, laali, na wauza vito wa Baghdad na Ghazna walilijua vizuri. Al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm, aliandika kitabu cha vito katika miaka ya 1040, na humo yakuti na laali ni mawe mawili tofauti. Hakutegemea macho peke yake. Alikuwa na chombo cha maji chenye mrija ubavuni: unatumbukiza jiwe, maji yanamwagika, unayapima. Mawe mawili yenye uzito sawa yakimwaga maji tofauti, hayawezi kuwa kitu kimoja. Leo tunasema yakuti ina uzito mara 4 ya maji ya ujazo uleule, na spineli mara 3.6. Vipimo vya al-Biruni havikuwa mbali na hivyo, naye alimtangulia Romé de l'Isle kwa zaidi ya miaka 700. Mwaka 1121 al-Khazini akaendeleza kazi hiyo katika kitabu kizima kuhusu mizani, akieleza namna ya kugundua vito vya kughushi bila kuvivunja wala kuvikwaruza.

Kwa nini basi Ulaya ilichanganya? Nadhani jibu limo kwenye majina. Waroma walikuwa na neno moja kwa mawe mekundu yanayowaka, *carbunculus*, kikaa kidogo cha moto, na ndani ya neno hilo yakuti, spineli na ganeti zote zilienea. Laali zilipofika masoko ya Ulaya ziliitwa yakuti za balas, na balas ni Badakhshan iliyopondwapondwa na ndimi za wafanyabiashara. Jina la asili lilikuwa limebandikwa juu ya jiwe lenyewe. Wasomaji wake ndio walioliona kama sifa tu, kana kwamba ni yakuti ya aina fulani.

Wamughali wa India, kwa upande wao, walizipenda laali kwa kuwa ni laali. Walizichonga majina ya watawala na kuzirithisha. Jiwe linaloitwa Yakuti ya Timur, la karati 352 na ushei, lina majina ya Jahangir, Shah Jahan, Nadir Shah na wengine. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ililichukua Lahore mwaka 1849, na miaka miwili baadaye likawa mikononi mwa Malkia Victoria. Nalo ni spineli. Ukilitaja kama yakuti iliyogundulika kuwa feki, unawatwika Wamughali kosa la watu waliolichukua.

Kiswahili nacho kina sehemu yake hapa. Yakuti ni neno tulilolipata kwa Waarabu. Limo kwenye Kurani, katika Surat ar-Rahman, pamoja na marijani. Kwa wauza vito wa Kiarabu kulikuwa na yakuti nyekundu, ya manjano na ya buluu, na walikuwa sahihi: yakuti nyekundu na yakuti samawi ni madini yaleyale, jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walikubaliana nalo karibu na mwaka 1800 tu. Spineli, kinyume chake, tumeikopa juzi kutoka Ulaya, ingawa tunayo nyumbani.

Tunayo nyingi. Mwaka 2007 huko Ipanko, karibu na Mahenge, wilayani Ulanga, zilipatikana spineli za ukubwa wa ajabu, moja ikiwa na kilo 52. Si zote zilifaa kukatwa, lakini sehemu safi zilitoa mawe ya wekundu wa waridi uliokolea, na tangu hapo jina la Mahenge linapandisha bei. Milima hiyohiyo hutoa yakuti, na zote mbili huzaliwa kwenye mawe ya marumaru. Kinachozipaka rangi ni kromiamu, ileile. Ndiyo maana tochi ya urujuanimno, ambayo wengi huiamini kupita kiasi, haiwezi kuzitenganisha: zote mbili huwaka nyekundu. Itakusaidia dhidi ya ganeti, ambayo ina chuma na hubaki imezubaa.

Fuwele ikiwa haijalika, umbo linasema zaidi. Spineli ina nyuso nane, kama piramidi mbili zilizogusana vitako. Yakuti ina pande sita. Ganeti huelekea kuwa duara. Likishakatwa, au likisagwa na mto, ushahidi huo unapotea. Hapo mwanga unasaidia: yakuti huupasua mara mbili, na ukiigeuza wekundu wake unabadilika kidogo, jambo ambalo spineli na ganeti hazifanyi.

Na mwenye mizani ya gramu, uzi na glasi ya maji anaweza kufanya leo, mezani kwake Mahenge, kazi ya al-Biruni. Pima jiwe likiwa kavu. Lipime tena likiwa limening'inia majini. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo viwili. Ikija 3.6, kuna uwezekano mkubwa ni spineli. Ikija 4, usishangilie kwanza, kwa sababu ganeti nyekundu huanzia kama 3.7 hadi kupita 4; rudi kwenye mwanga, uligeuze jiwe taratibu.