Sumu ya Mshale, Presha ya Macho

Liko neno la Kisomali lililoingia kwenye vitabu vya udaktari vya dunia nzima, na sisi tuliosomea Garissa hatukuwahi kuambiwa darasani: *waabaayo*, sumu ya mshale. Wawindaji waliichemsha kutoka kwa mti unaoitwa Acokanthera, wakaipaka mishale. Mnyama akidungwa, moyo unasimama.

Mwaka wa 1888 mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliichuja kemikali yenyewe kutoka kwa mti huo. Jina hakulitafuta mbali. Aliiita *ouabaïne*, yaani neno letu kwa tahajia ya Kifaransa. Baadaye madaktari wa Ulaya wakaitumia kwa dozi ndogo kutibu moyo.

Sumu na dawa, vipi? Seli zetu zina pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Mdenmaki Jens Skou aliandika habari zake mwaka wa 1957 baada ya kuchunguza neva za kaa. Alipoijaribu ouabaïne, kimeng'enya alichokuwa akikichunguza kikazimika. Ndipo akajua kweli ameipata pampu. Mwaka wa 1997 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa njoo kwenye jicho. Ndani yake mna maji yanayotengenezwa mchana na usiku, na pampu hiyohiyo inasaidia kuyasukuma. Yakikosa njia ya kutoka, presha inapanda na neva ya kuonea inakufa polepole, mara nyingi bila maumivu. Hiyo ndiyo glakoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bernard Becker, daktari wa macho Marekani, aliijaribu ouabaïne ndani ya macho ya sungura, na presha ikashuka. Lakini sumu ni sumu. Haikufika dukani kama dawa ya matone.

Jibu lilitokea upande mwingine, kwa vidonge vya presha ya damu. Mwaka wa 1967 madaktari Waingereza waliripoti kwamba propranolol inashusha pia presha ya macho. Ndugu yake, timolol, ilijaribiwa kwa sungura, kisha mwaka wa 1978 Marekani ikairuhusu kama matone. Haitokani na waabaayo, ila inapunguza maji yaleyale kwa njia yake.

Abti wangu hutia timolol kila siku. Chupa ikiisha anakaa wiki kadhaa bila, ati kwa sababu jicho haliumi. Mara moja aliniambia hizi ni dawa za wazungu tu. Nikamsimulia kuhusu waabaayo. Alicheka, akasema babu zake walijua sumu, si dawa. Nikamwambia tofauti ni dozi, na hata tone lake dogo linapita puani likafika kwenye damu, ndiyo maana mwenye pumu anakatazwa kulitumia bila daktari.

Jina la Arnaud limeandikwa. Wawindaji waliomtangulia hawana majina kitabuni, neno lao tu. Na jicho likishapoteza neva yake, hakuna tone la kuirudisha. Abti amekubali kununua chupa ya pili kabla ya ya kwanza kuisha.