Mnong'ono wa Umatumbi na Kanuni za Mlimani

Mwishoni mwa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete kilichomo katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya pwani ya Kilwa, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba iliyolimwa kwa amri ya Wajerumani. Kung'oa huko kulikuwa tangazo la vita. Hapakutangulia mkutano wa hadhara wala barua ya malalamiko, maana chini ya maakida mlalamikaji alijibiwa kwa kiboko. Habari za dawa ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe zilipita kinywani hata sikioni, na Wamatumbi waliuita mwendo huo njwiywila, yaani kupashana habari kwa siri. Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini neno lilikwisha kusambaa, na vita iliendelea hata mwaka 1907.

Twayakumbusha hayo kwa kuwa sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya Nandete imetufikia kwa kazi ya chuo. Mwaka 1968 na 1969 Idara ya Historia ya chuo cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini kuwauliza wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji, na marehemu G.C.K. Gwassa alifanya utafiti wa kina huko Umatumbi na Kilwa. Yaliyonong'onwa zama za akida sasa yalisemwa waziwazi, mbele ya kijana mwenye daftari.

Je, kijana huyo naye alikuwa na ruhusa ya kusema nini huko Mlimani alikotoka? Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa: utumishi wa miaka miwili, na katika miezi 18 ya utumishi huo kupokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza wanafunzi wapatao 400. Sisi hatuwatetei katika dai lao. Msomi aliyelelewa kwa jasho la mkulima wa korosho wa Lindi anadaiwa, naye hana budi kulipa. Lakini ubaya wa dai ni jambo moja, na haki ya kulitamka ni jambo jingine. Adhabu ya siku ile haikuyatenga mawili hayo.

Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alifukuzwa baada ya kumwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia walifukuzwa, na chama chao, DUSO, kikaondolewa ili MUWATA, iliyokuwa chini ya Chama, ishike nafasi yake. Uhuru wa maoni na wa kukusanyika uliingizwa katika Katiba, ibara ya 18 na ya 20, mwaka 1984.

Hata hivyo, kisa kinachotugusa zaidi sisi watu wa pwani ya kusini ni cha mwaka 1970. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto, ambao ujamaa waliutaka kwa moyo wote, walikuwa na gazeti lao, Cheche, lililoanza Novemba 1969. Lilipigwa marufuku pamoja na umoja wao, USARF. Walielezwa kuwa jina Cheche lilifuata Iskra, gazeti la Lenin, na kuwa Umoja wa Vijana wa TANU uliwatosha. Wakatii. Mwaka 1971 tawi la Umoja huo chuoni likatoa jarida jipya, nalo likaitwa Maji Maji. Hakuna aliyeweza kusema kuwa jina hilo limeletwa na wageni: lilitoka Ngarambe na Nandete, na wazee wa Umatumbi walikuwa wamelitaja mbele ya madaftari ya chuo hicho hicho miaka michache tu kabla yake.