Kukariri, Kuhifadhi na Kughani: Mfano wa Mweru

Walimu wengi wa lugha hulitamka neno kukariri kwa kukunja uso. Mwanafunzi aliyekariri, kwao, ni yule aliyemeza maneno bila kuyatafuna. Shutuma hiyo imezoeleka mno madarasani, na yafaa tuitazame kabla ya kuwarithisha vijana.

Kitenzi chenyewe kimetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kurudia. Takriri, tunayoifundisha katika fasihi, ni ndugu yake wa shina moja. Na mshairi arudiapo neno, hapana amwambiaye kuwa hakulielewa! Kuhifadhi ni kulinda: aliyehifadhi Kurani ameiweka kifuani isipotee. Kughani kwahitaji sauti na wasikilizaji. Hata kusoma, huko pwani, hakudai kitabu wakati wote, maana wako wasomao maulidi bila ya kutazama karatasi.

Mfano mzuri wa tofauti hizi wapatikana mbali na pwani, katika bonde la Luapula, nchini Zambia. Atokaye Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, akielekea kusini hufika Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walilijua baraza la wafalme hao tangu karne ya 19. Livingstone alipofika huko Novemba 1867 alimkuta Mohamad bin Saleh, aliyekwisha kukaa nchini miaka mingi. Lugha ya watu wa bonde ni Kibemba, lakini sifa za akina Mwata hughaniwa kwa Kiluba, lugha ya ng'ambo ya magharibi. Wasikilizaji wengi hawaifahamu.

Je, tuwaite waghani hao wakariri tu? Kila sifa imefungamana na jina, na jina na kisa cha mfalme fulani na vita vyake. Wazee waliojua kufasiri hawakuwa wengi, ila maneno yalipita kinywa kwa kinywa. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, aliacha historia ya watu wake, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, iliyotoka kwa Kibemba mwaka 1951. Kisha mwaka 1962 J. C. Chiwale alichapisha sifa za wafalme hao pamoja na maana zake na historia iliyo nyuma yake. Lau waghani wa zamani wangelikataa kushika neno wasilolielewa, Chiwale angelikuta nini cha kufasiri?

Mtahiniwa anayetapika maelezo ya mwalimu neno kwa neno, na wiki ya pili hana hata moja kichwani, amerudia tu, hakuhifadhi kitu. Huyo tumlaumu kwa haki. Lakini mtoto anayeshika beti kumi za utenzi wenye Kiswahili cha kale kilichomzidi kimo, nami nimewaona kadhaa, asiingizwe katika lawama hiyo. Mimi humwambia azihifadhi, na siku ya kusimama mbele ya wenzake, azighani. Ufafanuzi wa maneno magumu huja wiki zifuatazo, ubeti baada ya ubeti.