Jiko katika Mashua ya Tanga

Kwa karne nyingi mabaharia walipikia juu ya kitu kisichoungua. Chombo cha Kibizanti kilichozama karibu na Yassi Ada, Uturuki, katika karne ya 7, kilikuwa na meko ya vigae upande wa tezi, na paa lenye tundu la moshi. Katika Bahari ya Hindi, meko ya jahazi yalikuwa kasha la mbao lililotiwa mchanga, likakaa sitahani. Ndivyo walivyopika mabaharia wa Kuwait ambao Alan Villiers, mwandishi kutoka Australia, alisafiri nao hadi Zanzibar na delta ya Rufiji mwaka 1939. Kasha hilo lilistahili heshima kubwa: kaa likianguka, liliangukia mchanga, na moshi ulichukuliwa na upepo.

Mashua ndogo haina sitaha ya kutosha kwa meko. Mpishi alilazimika kuingia ndani, na moto akaingia nao. Joshua Slocum, aliyeizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898 katika Spray, yenye urefu wa mita 11 hivi, alipikia juu ya taa iliyokuwa pia ikimwangazia chumba.

Jiko lililoleta mabadiliko lilikuwa tayari limebuniwa. Mwaka 1892, mjini Stockholm, Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza Primus, jiko la mafuta ya taa lisilo na utambi. Pampu husukuma mafuta hadi kwenye kichwa kilichokwisha kupashwa moto kwa spiriti. Humo hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka, kwa moto wa buluu usio na masizi. Kichwa kikiwa bado baridi, hutoka mafuta yenyewe, na moto wa njano hupanda hadi darini. Chombo kinapokwenda mrama, hata ile spiriti ya kupashia humwagika. Hata hivyo mafuta ya taa hayawaki upesi yakimwagika, nayo yalipatikana karibu kila bandari. Ndiyo maana mabaharia wa safari ndefu waliyashikilia kwa miaka mingi.

Wamarekani wengi walipendelea jiko la spiriti, kwa hoja kwamba maji huizima. Hoja hiyo ni nusu ya kweli. Spiriti inayowaka ikimwagiwa maji machache huelea na kusambaa, na mchana moto wake hauonekani vizuri. Majiko ya spiriti ya pampu yalilipuka moto mara nyingi. Yaliyofuata, yasiyo na pampu, huihifadhi ndani ya pamba maalumu, nayo ni salama zaidi, ingawa huchelewa kuchemsha.

Gesi ya mtungi hupika haraka, lakini ni nzito kuliko hewa. Nyumbani, ikivuja, hutoka chini ya mlango. Mashuani hushuka hadi ngamani na kukaa humo, na ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa, cheche moja yatosha kulipua chombo. Kwa hiyo mtungi huwekwa katika kasha lililozibwa upande wa ndani, lenye mfereji wa kutolea gesi baharini, na vali hufungwa kila upishi unapokwisha. Kichomeo nacho huwekewa kifaa kinachokata gesi moto ukizimika.

Jiko la aina yoyote kati ya hizi kwa kawaida hutundikwa kwa egemeo pande mbili ili libaki wima chombo kilalapo, huzungushiwa fito za kuzuia sufuria, na hutaka dirisha wazi, kwa kuwa kaboni monoksidi haina harufu.